Inaomba Tu

Mabula,

Barua ya mzazi huanza na salamu, ikafuata afya, halafu mvua na ng'ombe. Leo sina hizo. Nina hasira, na kama ningesubiri ipoe ndipo niandike, ungekuwa umeshafika Mwanza na kukabidhiwa mashine ya mtu. Naandika mchana huu hapa dukani, mlango nimeurudishia. Wateja wanagonga na siwafungulii. Wewe uko Nkoma kumuaga bibi yako, na ukirudi utaikuta hii juu ya begi lako. Isome kabla hujalala, maana kesho stendi hatutaweza kuongea mambo haya mbele za watu.

Habari za kula na kulala sikuambii. Mtu wa umri wako anajua kufua shati lake. Michembe, viazi vyako vilivyokaushwa, iko kwenye mfuko mweusi, basi, hayo yameisha.

Nataka tuongee kuhusu kofi la jana.

Najua limekuuma. Kijana mzima kupigwa kofi na mama yake mbele ya mwalimu aliyeleta mitihani ya kuchapa, na mbele ya wale akina mama wa kwaya waliofuata kadi zao, si jambo dogo. Ulitoka, na jioni ulikula huku unaangalia sahani. Kofi lile silifuti. Lakini kofi lisilo na maelezo ni ujeuri, na mimi si mjeuri, ingawa baba yako husema vingine.

Tukumbushane ilivyokuwa, maana najua utawasimulia wenzako kwamba mama alichanganyikiwa kwa sababu ya kompyuta. Ulikuwa umeshusha programu ya kuchorea na kurekebisha picha kule kwenye kafe ya intaneti, ukaileta na flashi. Ukaniambia, "Mama, nataka nikuachie kitu kizuri kabla sijaondoka. Hii yako imezeeka, haiwezi hata kuondoa kivuli usoni." Nikafurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi sana. Faili lilikuwa limefungwa kwa neno la siri, ukampigia rafiki yako akakutajia, likafunguka. Mimi nilikuwa nabandika kadi za harusi, mikono yote gundi. Mara nikakusikia, "Mama, inaomba paswedi!"

Nikauliza, "Nani anaomba?"

"Kompyuta."

"Subiri nije nisome."

"Nimeshaipa, mama. Si inaomba tu."

Inaomba tu! Mabula, maneno hayo ndiyo yaliyoninyanyua kitini. Nilikwenda kuchomoa waya ukutani na gundi yangu mikononi, hata sikujali kwamba mtihani wa mwalimu ulikuwa wazi na haujahifadhiwa. Wewe ukacheka. Ukasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Mama naye! Anaiogopa kompyuta utadhani ina mapepo." Watu wakaangua kicheko. Ndipo mkono ukaenda.

Nusu ya kofi hilo ilikuwa ya mtu mmoja anaitwa Seni, na nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Tangu asubuhi naishika simu na kuiweka. Nataka kumpigia Bwana Maige, huyo anayekupokea kwenye studio yake Mwanza, nimwambie hivi: kijana wangu ni mchapakazi, haibi, halewi, lakini usimpe mashine yako. Unajua kazi ya Maige ni nini. Ni picha za watu, za harusi, za pasipoti, na za marehemu. Nikimpigia, kazi huna, maana Maige ananisikiliza. Nisipompigia, na ukaenda kufanya kule ulichofanya hapa, mimi nitakuwa nimemtumia mwenzangu hasara nikijua. Kwa hiyo naandika, huenda nikifika mwisho nitajua la kufanya.

Wewe unajua nilianza na taipureta, lakini sikukueleza vizuri. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika wa pamba, ofisi yenye feni na chai ya saa nne. Soko huria likaingia. Wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, na mizani yao, na makarani wao waliovaa kofia. Ushirika ukakonda, tukapunguzwa kazi. Nililia, kisha nikanyamaza, kwa sababu wanunuzi wale wale walitaka mtu wa kuwatengenezea mabango, vitabu vya stakabadhi, na fulana za makarani. Kila msimu jina jipya na nembo mpya. Soko huria lilininyang'anya kazi na likanipa kazi, na hadi leo sijui nilishukuru au nililaani.

Kitu kimoja nakijua. Miaka ile tuliacha kuuliza "wewe ni nani?" Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia, hata kama mlango wenyewe ulikuwa na kutu. Sasa anayekuja na mizani ananunua. Nani amempa ruhusa, nani amekagua hiyo mizani, ukiuliza unaambiwa mama unachelewesha foleni. Nasi hatukutaka kuonekana tunachelewesha foleni. Tukawa watu wa kupokea kila kinachokuja, eti ndiyo maendeleo.

Katika miaka hiyo, wewe ukiwa bado shule ya msingi na unaishi Nkoma na baba yako, alikuja dukani mama mmoja kutoka Nassa. Jina lake Milembe. Alikuwa mwanika dagaa, na binti yake aliolewa hapa Bariadi, ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," habari mama, akakataa kuingia mpaka nilipomkaribisha. Kisha akafungua pindo la kanga yake akatoa kitambulisho cha shule cha mwanawe.

Mwanawe aliitwa Masalu. Alizama ziwani na hakuonekana tena, kwa hiyo hata kaburi halipo. Picha nyingine hakuwahi kupiga. Ile ya kitambulisho nayo ilinyeshewa, paa lilivuja, maji yakapenya ndani ya plastiki na doa likala mdomo mzima. Macho yapo, paji la uso lipo, mdomo hakuna.

Akaniambia, "Mayu, nasikia unakuza picha. Nataka niiweke ukutani. Lakini umrudishie mdomo. Alikuwa mtu wa kucheka."

Nikasema naweza. Hapo ndipo mtu alipopaswa kunichapa mimi kofi.

Niliipitisha kwenye skana na plastiki yake. Ikatoka na mng'aro. Nikajifanya fundi zaidi, nikabandua plastiki ili nipate picha safi. Karatasi ikabanduka nayo, kipande huku, kipande kule, vingine vikawa unga mikononi mwangu. Kisha nikajifariji: si neno, ile ya kwanza imo, Masalu yumo ndani ya kompyuta. Sasa ona, kijana wa watu asiye na kaburi, alibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mashine ya mama yako.

Programu yangu ilikuwa hii hii unayoidharau. Ilijua kukata, kukuza, na kuandika "Karibuni Harusini". Mdomo haikuweza. Ndipo akapita Seni.

Seni alikuwa kijana mtanashati, viatu vyenye ncha, mkoba umejaa sidii. Alizunguka maduka ya Nyalikungu kule Maswa, akaja Bariadi, anaweka programu, anafungua mashine zilizokwama. Nilipomwonyesha Masalu akacheka. "Mama, unahangaika na nini? Ninayo ya kisasa, nimeishusha intaneti bure kabisa. Inarudisha hata jino lililong'olewa." Akakaa kwenye kiti changu. Nami nikasimama nyuma yake nimeshika mikono kama mwanafunzi.

Faili lake lilikuwa limefungwa kwa neno la siri, kama hilo lako la jana. Alikuwa nalo kwenye kikaratasi. Siku ile sikujiuliza kwa nini kitu cha bure kije kimefungwa. Leo najua. Kinga ya virusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa hivyo. Umewahi kuona mkulima analeta gunia la pamba limeshonwa mdomo, anahimiza lipimwe haraka? Karani asipotia mkono ndani, anapima mchanga na pamba fifi kwa bei ya pamba safi. Si kila aliyeshona gunia ni mwizi, ofisini tulikuwa tunafunga mafaili ya mishahara kwa sababu nzuri. Lakini ukiletewa gunia limeshonwa na mtu usiyemjua, uliza.

Likafunguka. Kikatokea kisanduku cheupe katikati ya kioo. Kiingereza chake nilikisoma, mimi nimefanya kazi ofisini. Kilisema programu hii inataka kubadilisha mambo ya ndani ya mashine, na mtengenezaji wake hajulikani. Kama unaruhusu, tafadhali andika neno la siri la msimamizi wa mashine.

Nikasita. Seni akageuka, "Inaomba tu, mama. Ipe."

Nikaona aibu. Unajua ya nini? Ya kumnyima anayeomba! Umekulia Nkoma, unanielewa. Mtu akibisha akaomba maji humwulizi ukoo wake wala anakotoka. Unampa kata kwa mikono miwili, na maswali yanakuja akishakunywa. Mimi nilipokuwa mtoto nilimwuliza mpita njia "maji ya nini?" na mama yangu akanichapa mpaka jirani akaja kuamua. Nami nikakulea hivyo hivyo. Nilikuchapa kwa kumficha mgeni viazi, unakumbuka? Kwa hiyo kile kisanduku kiliposema tafadhali, mimi nilisikia mgeni yuko mlangoni. Sikusikia mtu anadai ufunguo wa nyumba. Kosa hilo mtu wa kwingine asingelifanya. Tulilifanya sisi, tuliolelewa kwamba kunyima ni uchawi.

Na neno lenyewe! Seni ndiye aliyekuwa kwenye kibodi, kwa hiyo nililitamka. "Watasema." Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Huyo si dume lenu la kulimia?" Ndiyo, ni dume letu la kulimia, mwenzake na Watachoka. Wewe mwenyewe ulikuwa unalipigia mayowe jina hilo shambani tangu alfajiri, "Watasema, twende! Watasema, geuka!" Nkoma nzima ilimjua. Walevi wa kilabuni walimjua. Hilo ndilo mama yako msomi aliliita neno la siri, akaliweka kwenye mashine, akaliweka kwenye barua pepe, akaliweka kila mahali kwa sababu halisahauliki. Nikikumbuka nataka kujing'ata.

Kisha ikaomba nizime kinga ya virusi, eti inasumbua kazi. Nikazima. Mgeni anakwambia mfunge mbwa wako, tena mfunge mbali, na wewe unakwenda kutafuta kamba.

Na unajua kinachoniudhi zaidi? Ilifanya kazi. Ingeharibika pale pale ningejua. Ilifunguka, nzuri, na vitufe vyake vya rangi. Nilikaa na Masalu, nikachukua ngozi ya shavu nikaziba doa, kidogo kidogo, nikachora mdomo wa chini, nikatafuta pale unapokunjamana mtu akicheka. Upande wa kushoto ukaanza kucheka kweli. Nilimwita jirani aje aone. Nilipaswa siku hiyo hiyo kuchoma sidii ya nakala, nikasema nitachoma kesho. Kikaja kisanduku kingine kinaomba neno la barua pepe, nikakipa na hicho, Watasema, huku macho yangu yako kwenye mdomo wa Masalu.

Kesho yake nilipowasha tena, mafaili yote yalikuwepo kwa majina. Nikabofya Masalu, hakuna kitu. Nikabofya kadi, mabango, nembo za wanunuzi, hakuna kitu, maganda matupu. Barua pepe yangu ilikuwa inawatumia wateja mambo ya hovyo kwa jina langu. Nilimpigia Seni. Unajua alinijibu nini? "Mama, vitu vya bure vina mambo yake." Akakata simu. Nikikutana naye leo, na umri huu, nitamkunja shati.

Lakini Seni hakuwa na Masalu wa mtu. Mimi ndiye niliyekuwa naye.

Milembe akaja. Nikamwambia umeme umekatika tangu juzi. Akarudi Nassa. Akaja tena, nikamwambia wino umekwisha, tumeagiza Mwanza. Mwanamke anaacha dagaa juani, anapanda gari, anakuja kudanganywa habari za wino! Akaja mara nyingine, nami nikaanza tena, "Mayu, mashine inasumbua." Akakaa kwenye benchi, akapanga miguu yake vizuri, akasema, "Leo siondoki."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hicho kitu kilichomla mwanangu, kilivunja mlango?"

"Yaya," nikasema. Hapana.

"Kiliingiaje?"

"Kiliomba."

"Ukakipa?"

"Nikakipa."

Akaniangalia. Akasema, "Ziwa halikuniomba," akainuka akatoka. Hakunitukana wala hakuniaga. Kwetu sisi hata mtu unayegombana naye ng'ombe huaga. Yeye alitoka tu, na pindo la kanga bado amelishika kana kwamba kuna kitu ndani.

Ndiyo maana jana uliposema inaomba tu, mbele ya watu, ukicheka, sikukuona wewe. Sasa umejua.

Na usidhani umepona. Leo asubuhi nimewasha mashine, intaneti nimeitoa, nikaangalia ulichofanya. Kinga ya virusi nimeikuta imezimwa. Wewe uliizima, Mabula! Uliombwa uzime, ukazima, wala hukuniambia. Nikaiwasha, nikaichunguza hiyo zawadi yako, ikapiga kelele mpaka nikaondoka mezani. Ilikuwa haijamaliza kujipanga nilipochomoa waya. Kazi zetu ziko salama kwa sababu nakala ziko nyumbani kwenye sanduku la vitenge, na neno la siri nimeshabadilisha. Si kwa akili yako. Mtihani wa mwalimu nimeuchapa upya, kurasa zote.

Najua ulitaka kuniachia kitu kizuri. Hilo linanikera zaidi, kwa sababu siwezi hata kukuchukia sawasawa. Mimi nami nilitaka kumrudishia mama wa watu kitu kizuri. Nia njema haisomi kisanduku, Mabula. Macho ndiyo yanayosoma.

Kwa hiyo kule kwa Maige, kitu kikiomba, usianze na kukipa. Anza na kukiuliza unaomba neno lipi. Kuna neno la kufungulia faili, hilo anatakiwa kukupa aliyelifunga, na kama humjui aliyelifunga, huna biashara nalo. Kuna neno la mwenye mashine, hilo ukilitoa umemwambia mgeni ahamishe kuta. Na kuna neno la barua zako, ambalo programu ya kuchorea haina hata sababu ya kulijua, inachora barua? Usiyachanganye kama nilivyoyachanganya mimi, usitumie moja kwa yote, na jina la ng'ombe, la mchumba, la timu ya mpira, acha kabisa.

Neno la Maige ni la Maige. Kisanduku kikilitaka, mwite aje asome mwenyewe na aandike mwenyewe. Akikwambia andika tu, mimi nina shughuli, mwambie njoo, bosi. Akikasirika akasirike. Wewe ukae kwenye mashine kama kibarua, usikae kama mwenye nyumba, hata akikupa ruhusa. Programu ishushe kwa aliyeitengeneza, kwenye mlango wake mwenyewe, usiipokee kwa rafiki wa rafiki wa kafe. Kama ya aliyeitengeneza inalipiwa na Maige hajalipia, fanya kazi na ile dhaifu. Mimi nimelisha nyumba hii kwa programu dhaifu ambayo najua ilikotoka. Na picha ya mtu ikiingia tu kwenye mashine, choma nakala kabla hata hujanywa maji, halafu mrudishie mwenyewe karatasi yake ikiwa na plastiki yake.

Halafu usiogope kuonekana mshamba. Jana niliuliza "nani anaomba?" na mwisho ukanicheka. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa dukani humu tangu nilifungue, nalo lilinijia kwa kuchelewa sana. Watakucheka na wewe. Wacha wacheke. Maji mpe kila mtu, hapo sibadilishi kitu, nikisikia umemnyima mtu maji Mwanza nitakuja mwenyewe. Ufunguo ni kitu kingine, na kosa ni langu sikukutenganishia mapema.

Sitampigia Maige. Nimeamua hivi punde, wakati kalamu inaendelea. Nilikufundisha kukata kadi na kuchanganya rangi, nikakupa neno la siri la duka, nikakuficha lililomgharimu mtu, kwa sababu niliona aibu mwanangu asinijue hivyo. Siwezi kukunyima kazi kwa ujinga niliokuachia mimi. Lakini utamwambia mwenyewe. Ukifika, kabla hujakaa kwenye kiti chake, mwambie, juzi kwa mama nilifanya hivi na hivi, ikawa hivi. Akikupa mashine baada ya kusikia, amekupa akijua. Akikurudisha, rudi, duka lipo.

Sasa kuna jambo lingine, nalo limenipata wakati naandika. Siku ile nilimweleza Milembe kila kitu. Sidii, Seni, kisanduku, virusi, yote. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama mtu wa ofisi anayejibu barua. Nimeyapitia maneno yangu leo, moja moja, nikitafuta mahali nilipomwomba radhi. Sijapaona. Mashine iliomba, Seni aliomba, kila mtu aliomba dukani mwangu akapewa. Mimi niliyekuwa na deni la kuomba ndiye niliyekaa kimya miaka yote hii, nikijiambia kwamba nilikwishaeleza.

Kwa hiyo kesho hupandi basi peke yako. Nimemtuma mtu kwa binti wa Milembe, yule aliyeolewa hapa, aulize, na jibu limerudi: mama yake yu hai, bado anaanika dagaa. Basi likifika Nassa mimi nitashuka. Wewe kaa kwenye kiti chako uendelee na safari, usishuke kunisindikiza na usimwambie kondakta anisubiri. Nitasimama nje ya uzio wa Milembe mpaka anikaribishe, kama yeye alivyosimama mlangoni kwangu. Asiponikaribisha nitaombea pale pale nje. Anaweza kuninyima, mwanangu. Mlango ni wake.

Mama yako